Mguu wa Mulei Umefika Bungeni

Matinyani, Kitui
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Kalunde,

Nakusalimu kwa salamu zote za nyumbani, za asubuhi na za jioni, uchague unazozitaka. Natumaini zitakukuta mzima pamoja na shemeji Musyimi na watoto, na kwamba magoti yako yamepata nafuu tangu joto la hapo Kibwezi lilipopungua. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha, si ya kujivunia, lakini ndengu zimeshika maua na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Sisi kina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, tumemaliza kuchimba matuta ya shamba la chini, na mgongo wangu unanikumbusha kazi hiyo kila nikiinama. Mulei naye hajambo. Habari zake nitakupa kwa urefu, maana najua ndizo unazozisubiri, na najua umekunja uso hapo ulipoketi.

Ujumbe wako niliupata. Uliandika kwamba ulikuwa umekaa na wageni mkitazama habari, na mara ukaona mguu wa bandia wa shemeji yako umelazwa juu ya meza mbele ya wabunge, na kiraka chake cha tairi, na jina la Mulei wa Matinyani likitajwa nchi nzima ikisikia. Kisha ukasikia kwamba aliyeupeleka mguu huo hadharani ni mimi. Ukasema nimemvua nguo mume wangu mbele ya taifa, kwamba marehemu mama hakutulea hivyo, kwamba nimekuwa mwanamke asiye na haya, na kwamba Krismasi hii hutakanyaga kwangu mpaka nimwombe Mulei msamaha mbele ya wazee. Niliyasoma maneno hayo nikiwa jikoni na muthokoi wa chakula cha usiku ukaungua wote, tukalala na chai.

Sikukupigia kwa sababu simu yako huwa unaiweka kwa sauti nyumba nzima isikie, na haya ninayotaka kukueleza si ya nyumba nzima. Tena nilichelewa kujibu kwa makusudi. Nilitaka kwanza nione jambo hili linaishia wapi ndipo nichukue kalamu. Sasa nimeona, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika upya.

Mguu ule unaujua. Mulei alipewa na jeshi alipostaafu, baada ya ule mlipuko wa barabarani kule Somalia uliomkata chini ya goti. Ulikuwa mguu mzuri siku zake. Lakini mtu hukonda, mguu wa bandia haukondi. Kikombe kinachoshika goti kilianza kulegea, kikacheza, kikapasuka, na Mulei akaupeleka kwa Jonah fundi viatu hapa sokoni akaupiga kiraka cha tairi, lile lile la kutengenezea viatu vya akala. Ukashika. Jonah ni fundi hodari, sitamsingizia. Ila tairi ni tairi, na nyama ya mtu ni nyama. Kidonda kilifunguka chini ya goti, kikafunga, kikafunguka tena, na kila nilipomuuliza Mulei alinijibu yuko sawa. Alinijibu yuko sawa soksi ikiwa imelowa damu. Nimeishi na mwanajeshi miaka mingi, dada, lakini neno hilo nimelichukia kuliko matusi.

Mwaka huu daktari wa Kitui alituweka chini akatuambia wazi. Mulei akiendelea kuvaa mguu ule, kidonda kitafika kwenye mfupa, na hapo watamkata juu ya goti. Alieleza kwamba mwenye goti lake hutembea, akalima, akapanda mlima, lakini asiye na goti huanza maisha upya kama mtoto. Dawa ilikuwa mguu mpya unaomtosha. Tulienda Nairobi kwenye ofisi inayohusika, tukaambiwa turudi nyumbani, kwamba kuna gari maalumu la mafundi linalozunguka kaunti zote na litatufikia. Tukarudi tukangoja. Gari likawa kama mvua ya Kitui, kila mtu anasema imeonekana kwa jirani.

Basi ikatangazwa redioni, na chifu akarudia, kwamba kamati ya Bunge inayofuatilia jinsi askari wastaafu wanavyotunzwa itakuja mjini Wote, iwasikilize wastaafu wa Makueni na wa Kitui pamoja. Hersi akapiga simu kutoka Nuu kusema atatupitia. Hersi utamkumbuka, yule Msomali mrefu mwenye miwani myeusi aliyekuja na kondoo kwenye harusi ya binti yetu. Walikuwa kikosi kimoja na Mulei, na siku hizi ananunua mbuzi pande za Nuu na kuwapeleka sokoni. Alikuja na ile pikapu yake ya mbuzi, ameiosha mpaka ikang'aa lakini harufu imekataa kuondoka. Mulei alisafiri kwa magongo. Watu walipomuuliza mguu uko wapi alijibu kwamba umepewa likizo. Mimi nilikuwa nyuma yao na kiondo changu kikubwa cha sokoni, nimekifunika kwa leso.

Ukumbini Wote wazee wale walikuwa wamejaa. Wengine walivaa beji zao, mmoja alikuja na kofia ya jeshi iliyoliwa na nondo. Mwenyekiti wa kamati ni mama wa makamo, mpole wa sauti lakini macho yake hayakosi kitu. Alianza vizuri kwa kutueleza kazi yao. Alisema kamati haigawi miguu wala dawa wala nyumba. Kazi yake ni kuwauliza waliopewa kazi hizo kama wamezifanya, kuwaita mbele ya watu wajibu, na kwenda kuona kwa macho kama walichojibu ni kweli. Ndiyo sababu wametoka Nairobi, akasema, kwa sababu karatasi zinazowafikia zinasema kila kitu kiko shwari. Mimi nilimpenda hapo hapo.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Miongoni mwa wabunge wale kulikuwa na mmoja aliyewahi kuwa meja. Mtu mwema, sina ugomvi naye, alitaka tu wazee wajisikie nyumbani. Akaomba nafasi ya kufungua kikao, akasimama, akanyoosha mgongo, akawaita askari wangu, akauliza kwa ile sauti yao kama kuna malalamiko. Dada, ukumbi mzima ulisimama. Waliokuwa na magongo walisimama, waliokuwa na fimbo walisimama, mzee mmoja aliyekuja akishikiliwa na mkewe alisimama peke yake. Wakajibu kwa mdomo mmoja: “Hakuna malalamiko, afande!” Vioo vya madirisha vililia.

Mulei alikuwa ameshanieleza zamani. Jeshini wakati wa ukaguzi afande hupita mbele ya mstari akiuliza swali hilo, na jibu ni moja tu, hata kama umelala njaa. Mwenye jibu la pili hujuta baadaye. Wazee wale walilijibu kila wiki ya ujana wao, na sasa limewatoka lenyewe kama chafya. Yule meja wa zamani akagundua alichofanya, nikamwona akijifuta jasho.

Mwenyekiti aliyatazama yale magongo, akauliza tena kwa upole. Wakajibu hakuna, mheshimiwa. Akachukua taarifa ya ile ofisi akasoma kwamba gari la mafundi wa viungo bandia limefika Kitui na limefika Makueni, na kwamba wote wanaohitaji wamehudumiwa. Akauliza kama ni kweli. Wazee wakatazama mbele, videvu juu, kimya. Ungewaona ungewapiga makofi. Mama wa watu akangoja, akangoja, kisha akasema kwamba kama hivyo ndivyo, itabidi kamati iandike kwamba wastaafu wa huku wanatunzwa vyema. Karani akainama kuandika. Nikajua likishaandikwa, limekwisha. Hakuna atakayetufuata tena Matinyani kuuliza, na goti la Mulei litakatwa kwa sababu ya adabu ya watu wazima.

Kwetu mke hasimami barazani mumewe akiwa amekaa kimya. Najua, dada, huna haja ya kunikumbusha. Nilisimama. Nilianza kwa Kikamba kwa sababu hasira yangu haijui Kiswahili, kisha nikarudia ili wote wasikie. Nilisema mimi ni Mbinya, mke wa Mulei, na wanaume hawa mheshimiwa awasamehe, hawasemi uongo, ila walifundishwa jibu moja. Nikapita katikati ya viti mpaka mbele, nikakitua kiondo, nikatoa mguu nikaulaza mezani juu ya karatasi zao. Nikamwomba mwenyekiti apitishe kidole ndani ya kikombe, aguse lile tairi, halafu afikirie kuliegemea kutoka alfajiri mpaka jioni akiwa na kidonda. Nikamweleza alichosema daktari kuhusu goti. Nikasema hilo gari kama limefika Kitui basi lilipita usiku tumelala.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliingiza kidole kweli. Aliugeuza ule mguu taratibu, akauliza ni wa nani. Mulei akajiinua kwa magongo akajibu kwamba ni wake, afande. Alimwita mama wa watu afande, na hata hapo hakuna aliyecheka. Kisha akaketi, akainamisha kichwa, na minong'ono ikaanza nyuma kwamba yule mwanamke amemmaliza mumewe.

Aliyetuokoa ni Hersi. Alisimama akavua miwani yake, na wengi pale hawakuwa wamewahi kumwona bila miwani. “Madam, mimi ni Hersi wa Nuu,” akasema. “Kama mguu ya Mulei imesema ukweli, mimi mwenye mdomo nitanyamaza aje? Jicho yangu moja ilibaki Somalia, na hii ingine imeanza kuifuata. Malalamiko iko.” Akarudisha miwani akaketi. Yule mzee wa kofia ya nondo akasimama akasema malalamiko iko, afande, ni masikio yake hayasikii. Akasimama mwingine wa Mutomo, mwingine wa Kathonzweni. Wajane wakasimama. Karani alibadilisha kalamu. Tulitoka pale jua limeshaelekea kuzama, na chai tuliyoandaliwa ilikuwa imepoa kwenye vikombe.

Kabla ya kufunga, mwenyekiti alimwomba Mulei ruhusa ya kwenda na ule mguu Nairobi. Alisema anataka wakuu wa ile ofisi waliguse lile tairi kwa vidole vyao. Mulei akakubali, akaomba tu arudishiwe, kwa kuwa kiraka cha Jonah bado ni kizima. Ndivyo mguu wake ulivyofika Bungeni kabla yake. Hapa sokoni wanamtania kwamba ana mguu mmoja Matinyani na mwingine Nairobi, na kwamba akigombea kiti ameshamaliza nusu ya safari.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe kwenye televisheni, ila nadhani hasira ilikuzuia kusikia. Wakuu wale walisema gari lilifika. Mwenyekiti akawauliza lilifika siku gani na lilimhudumia nani, wakaanza kutazamana. Ikabidi waseme ukweli kwamba gari liliharibika njiani likarudishwa, na aliyeandika taarifa aliandika lilikopangiwa kwenda, si lilikofika. Kamati ikawapa muda, ikasema itarudi Wote kuuliza wazee, na safari hii swali litaulizwa na mwenyekiti mwenyewe, kwa Kikamba.

Dada, gari limekuja. Nimelipapasa kwa mkono wangu ili niamini. Lilisimama Kitui wiki nzima, likaenda Wote. Mafundi walimpaka Mulei plasta, wakachukua umbo la goti lake, wakampima kama fundi anayepima suti. Kwa kuwa tangu safari ya Wote hajauvaa mguu wa zamani, kidonda kimefunga, na daktari amesema goti halitakatwa. Alilisema mara moja, nikamwomba alirudie. Mguu mpya tumeahidiwa kabla ya Krismasi. Sisemi yote yamenyooka. Macho ya Hersi bado yanangoja barua ya rufaa, na wajane wa Makueni wameambiwa wasubiri kikao kingine. Lakini sasa kuna mtu wa kumuuliza, na yeye anajua ataulizwa.

Mimi huku nimelipa. Mama mchungaji aliniombea kanisani bila kunitaja jina, ila kila mtu aligeuka kunitazama. Kina mama wa mwethya walikaa wiki mbili wakinisalimia nusu nusu. Wanaume wakimwona Mulei wanampigapiga bega kwa huruma, kama mtu aliyefiwa, wakimwambia mke wako hana breki, vumilia. Naye anaitikia kwa kuguna. Yote hayo niliyabeba bila shida. Ujumbe wako ndio ulionilemea. Nimejaribu kuuweka kando nikashindwa, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea mama alipokuwa mgonjwa, na sitaki uingie uzeeni ukidhani ulilea mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo nakuambia jambo nililoahidi kutomwambia mtu. Likitoka kwako, nitajua.

Alfajiri ile ya kwenda Wote, nilipotoka kukamua nilimkuta Mulei ameketi kitandani, ameupakata ule mguu. Alikuwa ameuosha kwa sabuni. Kile kiatu chake alikuwa amekipaka rangi mpaka unajiona, kama mtu anayekwenda gwaride. Akaniomba kiondo changu kikubwa. Nilidhani homa imempanda kichwani. Akaniambia nikae.

Alisema anajijua. Alisema akisimama mbele ya wakubwa akaulizwa, mdomo wake utajibu kabla yake, na wenzake wote watajibu hivyo hivyo maana walifundishwa mahali pamoja. Amejaribu kujizoeza peke yake zizini, akasema, na hata mbele ya ng'ombe neno lilikataa kutoka. Kisha akanitazama akasema, “Wewe hukula kiapo, Mbinya. Wewe sema.” Akauingiza mguu kiondoni kwa mikono yake, akaufunika kwa leso yangu.

Nilimuuliza kama anajua watu watasema nimemwaibisha. Akasema anajua. Afadhali ajulikane kama mwanamume aliyeoa mdomo kuliko askari aliyelia mbele ya wenzake, na akaniuliza kama nitaweza kuubeba mzigo huo. Nikamjibu kwamba nimebeba mitungi ya maji tangu utotoni, maneno ya watu hayana uzito huo. Tukacheka kidogo, halafu nikalia, dada, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yetu ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema hayuko sawa.

Kwa hiyo alipoinamisha kichwa kule ukumbini, wengine waliona aibu. Mimi niliyesimama mbele niliona mtu anayejizuia kutabasamu. Safari ya kurudi alinuna vizuri sana mpaka Hersi akaniombea msamaha kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na hata mimi nikaanza kumwogopa. Tulipofika nyumbani akafunga mlango, akaomba chai, akaniambia nilisema vyema, ila ile ya gari kupita usiku ilikuwa chumvi.

Mama alitulea kusitiri waume zetu, ni kweli. Lakini mama huyo huyo ndiye aliyekuwa akisema mficha uchi hazai. Nimefanya yote mawili, nimefichua mguu na nimemsitiri mwenye mguu, na nadhani angenielewa.

Basi njoo Krismasi. Njoo na shemeji na watoto, ndengu zitakuwa tayari na kuna beberu ambaye Hersi ametuachia. Ukifika, usinikumbatie haraka. Nikaripie kidogo mbele ya Mulei, uniite vile vile ulivyoniandikia. Nina hakika ataniteta dakika moja, kisha atashindwa kuvumilia na kuanza kunitetea, na ningependa sana kumsikia.

Msalimie shemeji Musyimi, wabusu watoto, na hayo magoti uyapake mafuta ya nyonyo usiku. Mulei anakusalimu. Hajui nimeandika nini, anadhani naomba msamaha.

Ni mimi mdogo wako,
Mbinya,
asiye na haya, lakini mwenye mume wa magoti mawili.